Kitawi na Jani: Uchambuzi wa Ikhtilafu za Miti

Katika sifa zote ambazo kwazo watu huutambua mti, tunda na ua ndivyo vilivyopewa heshima ya kwanza, na jani likafuata nyuma kwa kuwa huliwa, hutibu au hutia kivuli. Ama kitawi, yaani ile ncha ya tawi iliyoota msimu huu au msimu uliopita, ambayo jani limeshikamana nayo na maji yote ya jani hupita ndani yake, hicho aghalabu hakitazamwi ila na mtu atafutaye mswaki au kuni za kuwashia moto. Mazoea hayo yameficha mas'ala kubwa. Mtu akiuliza kwa nini mti huu una majani mapana na ule una majani madogo, kwa nini huu hubaki kijani mwaka mzima na ule husimama mtupu wakati wa kiangazi, atapewa majibu mengi yahusuyo jani, na mengi katika hayo ni ya kweli. Lakini jibu litabaki pungufu maadamu kitawi hakikuulizwa pia, kwa sababu jani haliwezi kujiletea maji wala kujishika hewani, na kila sifa yake ina mwenzake katika kitawi kilichoizaa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba jani na kitawi ni mas'ala moja, na kwamba katika pwani yetu ya Afrika Mashariki na bara iliyo nyuma yake, mwamuzi wa kwanza wa ikhtilafu zao ni maji, gharama ya kuliunda jani ikija baada yake.

Tuanze na miti miwili iliyo karibu na watu wengi wa Unguja, Tanga na Mombasa: mshelisheli na mkwaju. Kitawi cha mshelisheli ni kinene, huweza kufikia sentimita moja na zaidi, ndani yake ni laini, nje yake mna pete zilizoachwa na vifuniko vya machipukizi vilivyokwisha kuanguka, na nchani pake hukaa majani machache, kila moja likiwa limechanika kwa ndimi kubwa na huweza kufikia urefu wa nusu mita. Kitawi cha mkwaju ni cha milimita chache tu, kigumu, chenye kupinda bila ya kukatika upesi, nacho hubeba majani ambayo kila moja limegawanyika kwa jozi 10 hadi 18 za vijani, na kijani kimoja urefu wake ni kama sentimita moja au mbili. Mshelisheli una matawi ambayo mtu aliye chini anaweza kuyafuata kwa macho moja baada ya moja. Mkwaju una vitawi visivyo na hesabu. Mambo haya matatu, unene wa kitawi, ukubwa wa jani na wingi wa matawi, hayakukutana kwa bahati.

Mwaka 1949 mwanazuoni wa mimea wa Uingereza, E. J. H. Corner, aliyefanya kazi miaka mingi katika bustani ya mimea ya Singapore, alichapisha makala juu ya asili ya miti ya nchi za joto, na ndani yake aliweka kanuni mbili ambazo baadaye ziliitwa kwa jina lake: kadiri shina au kitawi kinavyokuwa kinene, ndivyo viungo vyake, yaani majani, maua na matunda, vinavyokuwa vikubwa na vyenye umbo la kutatanisha zaidi; na kadiri mti unavyozidi kugawanyika matawi, ndivyo vitawi na viungo vyake vinavyozidi kuwa vidogo. Pwani yetu ni shahidi mwema wa kanuni hizo. Mnazi, usio na tawi hata moja, hubeba majani ya mita nne hadi sita juu ya shina lisilogawanyika. Mwale, jamaa yake apendaye mabonde yenye maji, ana jani lililo miongoni mwa majani marefu kabisa duniani. Na mkoma, ambao ni wa jamaa hiyohiyo lakini hugawanyika panda mbili mbili, una jani la umbo la upepeo lililo dogo kwa mbali kuliko la ndugu zake hao. Wako wasemao kwamba mnazi na wenziwe si miti kwa maana kamili, kwa kuwa shina lao haliongezeki unene mwaka hata mwaka kama lifanyavyo shina la mwembe, nao wana haki ya kusema hivyo. Lakini kanuni haikuwaacha nje, na kwa ajili hiyo naiona kuwa na nguvu zaidi.

Sababu ya kanuni hii haikuwa wazi siku zote. Sababu ya kwanza ni uzito: jani kubwa lililo mbali na shina huvuta chini, hupigwa na upepo, na kitawi kisicho na unene wa kutosha hakiwezi kulihimili. Sababu ya pili, ambayo kwa fikira yangu ndiyo kubwa, ni maji. Leonardo da Vinci alikwisha kuandika karne nyingi nyuma kwamba unene wa matawi yote ya mti kwa kimo kimoja, yakikusanywa pamoja, hulingana na unene wa shina lililo chini yake. Na mwaka 1964 wanazuoni wa Japani walilieleza jambo hilo kwa kuuchukulia mti kuwa ni mkusanyiko wa mirija, ambapo kila kadiri ya majani hudai fungu lake la mirija toka juu hata chini. Maelezo hayo ni mepesi kuliko ukweli wenyewe, kwani mirija hailingani upana na sehemu ya ndani ya shina la kale haipitishi tena maji; lakini yametufundisha kulitazama jani pana kama deni ambalo kitawi lazima kililipe kila siku yenye jua.

Jani pana lina deni jingine tena. Hewa iliyo karibu na uso wa jani huganda juu yake, na kadiri jani linavyokuwa pana ndivyo tabaka hilo la hewa tulivu linavyokuwa nene na joto likawia kuondoka. Kwa hiyo jani kubwa lililo katika jua kali hupata moto kuliko hewa iliyolizunguka, na njia yake ya kujipoza ni kutoa maji kwa wingi kupitia vitundu vyake, viitwavyo stomata. Kijani cha mkwaju au cha mgunga hupozwa na upepo tu. Ndiyo maana mgeni asafiriye kutoka Pangani kwenda bara ya Mkomazi huona majani yakipungua ukubwa kadiri mvua inavyopungua, na vitawi vikizidi kuwa vyembamba, vikavu na vyenye miiba. Mwanazuoni wa Denmark, Raunkiaer, aliyataka maarifa haya yapimike, akayapanga majani ya dunia katika madaraja ya ukubwa: daraja la chini halizidi milimita za mraba 25, na kila daraja baada yake huzidishwa kwa tisa. Mizani hiyo ni ya manufaa, lakini humlazimisha mpimaji aamue kwanza jani ni lipi, na hapo ndipo wengi hupotea.

Chukua mwarobaini. Aonaye mara ya kwanza hudhani kwamba kile kijiti chembamba chenye vijani vya meno pande zote mbili ni kitawi chenye majani mengi, kumbe kijiti hicho na vijani vyake vyote ni jani moja. Alama ya kulijua jani ni chipukizi: penye kwapa, pale kikonyo cha jani kikutanapo na kitawi, hukaa chipukizi dogo, na hapana chipukizi katika makwapa ya vijani. Tena jani likizeeka, kijiti hicho huanguka pia, kikiacha kovu moja juu ya kitawi cha kweli. Hekima ya umbo hili ni kwamba mti hupata uwanda mkubwa wa majani bila ya kujenga vitawi vya kudumu. Kile kijiti ni kitawi cha msimu mmoja, kisicho na gharama ya mbao, na msimu wa ukame ukifika hutupwa pamoja na mzigo wake. Katika jamaa kubwa ya miti ya kunde, ambayo ndani yake mna mkwaju, mninga, mpingo, mgunga na mbambakofi, njia hiyo ndiyo iliyotawala, wala si ajabu basi kwamba miti ya jamaa hiyo ndiyo iliyojaza nyika na miombo.

Walakini iko miti iliyokwenda kinyume kabisa, ikakifanya kitawi kuwa jani. Mvinje wa fukweni ni mfano ulio bora. Watu wengi huzidhani zile nyuzi za kijani zinazovuma kwa upepo wa bahari kuwa ni majani ya sindano kama ya msonobari, na wanafunzi wengi wamefundishwa hivyo. Lakini ukikiokota kijiti kimoja kilichoanguka mchangani, ukakishika kwa vidole vya mikono miwili na kukivuta taratibu, kitaachana penye kiungo, na katika kiungo hicho utaona duara la vijino vidogo mno, sita hadi vinane, vyenye rangi iliyofifia. Vijino hivyo ndivyo majani. Uzi wa kijani ni kitawi chenyewe, kilichochukua kazi ya kuutengenezea mti chakula kwa nuru ya jua, na stomata zake zimejificha katika vifereji vyembamba vilivyochongwa kwa urefu wake, mahali ambapo upepo wa chumvi hauzifikii kwa urahisi. Msonobari uliopandwa Sao Hill, katika nyanda za juu za Mufindi, una sindano za kweli, na kila sindano ni jani lililoota pamoja na wenziwe kutoka kitawi kifupi kisichorefuka. Macho huyaona mambo mawili hayo kuwa sawa; muundo husema kwamba mmoja umefanya jani kuwa jembamba na mwingine umeacha jani karibu kabisa.

Mnyaa, unaopandwa kuwa ua wa nyumba na wa makaburi toka pwani hata bara, umefika hapo kwa njia yake. Vitawi vyake ni vya mviringo, vya kijani, vimejaa utomvu mweupe unaochoma macho, na majani yake madogo huota nchani mwa vitawi vipya na kuanguka upesi. Jamaa ya mnyaa ni jamaa ya mhogo na mbono, miti yenye majani mapana yaliyopasuka kama kiganja, na mhogo una shina laini lililojaa makovu makubwa ya majani. Nautaja undugu huo kwa makusudi, kwani wapo wanaodhani kwamba nasaba ya mti yatosha kueleza sura ya jani lake. Nasaba huweka mipaka, lakini ndani ya mipaka hiyo maji na mahali vina hukumu kubwa, hata ndugu wawili wakaonekana kama hawakuzaliwa nyumba moja.

Sasa tufike katika ikhtilafu iliyoandikwa sana vitabuni, ile ya miti isiyopukutisha na miti ipukutishayo majani. Katika nchi za baridi ikhtilafu hii huelezwa kwa theluji na giza la majira ya baridi, na vitabu vingi vya shule zetu vimerithi maelezo hayo bila ya kuyapima. Huku kwetu mpukutisho ni shauri la kiangazi. Mwaka 2004 Ian Wright wa Australia, pamoja na wenziwe wa nchi nyingi, alikusanya habari za majani ya spishi 2,548 kutoka mahali 175 pa dunia, na ilidhihirika kwamba majani yote yamejipanga katika mstari mmoja: upande mmoja majani membamba, mepesi kuundwa, yenye kutengeneza chakula upesi na kufa mapema, upande wa pili majani manene, magumu, ya gharama kubwa, yenye kwenda polepole na kudumu. Tofauti yao ni kama ya kibanda cha makuti na nyumba ya mawe: cha kwanza husimama upesi na hakisikitikiwi kikianguka, ya pili hudai mali nyingi na sharti ikae miaka ndipo ilipe. Mwisho wa upande huo wa pili, kama mtu anataka kuuona ulivyo, umo katika jangwa la Namib, ambako mmea wa Welwitschia huishi mamia ya miaka kwa majani yake mawili tu, yanayoendelea kurefuka toka chini na kuchakaa nchani.

Mstari huo ni mzuri, na dalili zake ni thabiti, lakini ni mstari wa majani. Wengi waliousoma waliharakisha kudhani kwamba kitawi hufuata mstari uleule, yaani jani gumu likae juu ya mbao ngumu na jani jepesi likae juu ya mbao laini. Mpingo peke yake watosha kuitia shaka dhana hiyo. Mbao za moyo wake ni nzito hata huzama majini, ndizo wachongaji Wamakonde wanazozipenda na ndizo zinazofanyiwa klarineti huko Ulaya. Majani yake ni membamba, ya vijani vidogo, nayo hupukutika kiangazi kila mwaka. Mti wenye mbao za kudumu karne umevaa majani ya msimu mmoja. Mwaka 2010 uchunguzi uliofanywa katika misitu ya Guyana ya Ufaransa, juu ya mamia ya spishi za miti, ulionyesha jambo hilohilo kwa mapana zaidi: sifa za jani zina mstari wao na sifa za mbao zina mstari wao, na mti huweza kuwa popote katika wa kwanza bila ya kulazimika kuwa mahali maalumu katika wa pili. Hapa ndipo naona hoja ya gharama inapofika ukingoni na hoja ya maji inapochukua usukani.

Kwani mti upukutishao una njia zaidi ya moja ya kukaa na kiu. Mpingo hukaza mbao zake na kungoja. Mbuyu hufanya kinyume: shina lake na vitawi vyake vinene vina mbao laini zilizolowa maji, majani yake ya vidole vitano hadi saba huanguka, na mti husimama mtupu miezi mingi huku tabaka la kijani lililo chini ya gome likiendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Watu husema kwamba mbuyu huweka maji ili uyanywe kiangazi, na kauli hiyo ina ukweli usiokamilika. Uchunguzi wa mibuyu ya Madagaska umeonyesha kwamba akiba hiyo haitumiki sana kuyanywesha majani yaliyokwisha kukomaa jua linapowaka, ila hutumika zaidi kuchipuza majani mapya kabla mvua haijanyesha, ili siku ya mvua ya kwanza iyakute majani tayari. Akiba ya kitawi ni kwa ajili ya jani lijalo.

Miombo ya Tabora, Rukwa na Lindi nayo huchipuza kabla ya mvua, kwa kutegemea mizizi iendayo chini sana, na mtu apitaye huko mwezi wa Septemba au Oktoba huyaona mapori yamegeuka mekundu, shaba na zambarau. Wekundu huo si wa jani linalokufa. Mrihi, ambao wataalamu huuita Brachystegia spiciformis na ambao hufika hata msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na bahari, hutoa majani machanga mekundu na laini, ambayo huja kuwa kijani baadaye. Na asiye na nafasi ya kwenda miombo aangalie mwembe, mdalasini au mkarafuu ulio uani, kwa maana yote mitatu hufanya hivyo. Majani machanga ya mwembe hutoka kwa fungu zima nchani mwa kitawi, mekundu ya kahawia, yakining'inia kwa ulegevu kwa sababu bado hayana nyuzi za kuyasimamisha. Kisha hunyanyuka, hukaza na kuingia ukijani. Wanazuoni wamekhitalifu juu ya faida ya wekundu huo: wengine husema hulikinga jani changa na jua kali, wengine husema huwafukuza wadudu au huwaficha jani hilo. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mwembe hauoti kidogo kidogo kila siku. Kitawi hulala, kisha huamka kwa pamoja, na ukitazama vizuri utaona vifundo ambako kila usingizi uliishia.

Mpaka kati ya miti ipukutishayo na isiyopukutisha, tena, si ukuta. Mkungu huyatupa majani yake yote yakiwa mekundu, aghalabu mara mbili kwa mwaka, kisha huchipuza mara moja hata usiwe mtupu ila siku chache. Je, tuuweke wapi? Majani yake ni mapana na hujikusanya kwa mafungu katika vitawi vifupi vinene vilivyoinuka, hali vitawi virefu vinavyobeba mafungu hayo hulala kwa usawa, na ndiyo sababu mkungu una zile ghorofa za kivuli zinazowapendeza wacheza bao. Na uko mgunga mmoja wa kando za mito, uitwao na wataalamu Faidherbia albida, ambao huvaa majani kiangazi na kuyavua mvua ikinyesha, ukinyweshwa na maji ya chini ya ardhi. Wakulima huupenda mashambani kwa kuwa hautii kivuli juu ya mahindi wakati yanapolitaka jua. Mwenye kuigawa miti kwa mafungu mawili tu atapambana na miti ya namna hiyo kila siku.

Miiba haitanichelewesha, ila nitatoa tahadhari moja. Mwiba wa mgunga umetoka penye vijani-walinzi vilivyo chini ya kikonyo, ndiyo maana hukaa wawili wawili. Mwiba wa mpingo ni kitawi kifupi kilichochongoka, na juu yake huweza kuota majani na maua. Viwili hivyo humchoma mchungaji kwa maumivu mamoja, lakini kimoja ni ndugu wa jani na kingine ni kitawi.

Mikoko ndiyo inayostahili kuelezwa kwa urefu. Miguu yake imo majini na bado huishi katika kiu, kwa sababu maji ya chumvi huivuta mizizi kinyume cha haja yake, na mti hulazimika kuyavuta kwa nguvu kubwa, ambapo mrija mpana ungeingiwa na hewa na kukatika mkondo. Basi mikoko ina mirija myembamba na mingi, na majani yake ni manene ya ngozi ngumu. Katika ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, watafiti wameikata mbao ya mkoko na kuona kwamba sehemu iliyoota wakati wa mvua, maji yanapopungua chumvi, ina mirija michache kuliko sehemu iliyoota kiangazi, ambako mirija imesongamana. Mti mmoja, katika mwaka mmoja, umeyaandika majira ndani ya mbao zake.

Lakini mikoko yenyewe haifanani. Kitawi cha mkoko, ule wenye mizizi ya kusimama kama magongo, kina nchani pake chipukizi refu lililofunikwa na kifuniko kilichochongoka, majani yake huota mawili mawili, makubwa na mazito, kila moja lina kisindano kidogo nchani, na ukiligeuza utaona vidoadoa vyeusi vingi chini yake. Mkoko huchuja chumvi mizizini, kiasi kikubwa cha chumvi hakiingii kabisa. Mchu huiruhusu chumvi zaidi kuingia, kisha huitoa kupitia tezi za majani: siku ya jua, wakati hapana mvua, paka ulimi juu ya jani lake na utaonja chumvi, na mara nyingine utaiona imekauka ikimetameta. Chini ya jani la mchu mna weupe wa kijivu wa manyoya mafupi sana yanayoihifadhi hewa yenye unyevu. Kitawi chake nacho kina jambo la ajabu zaidi: badala ya tabaka moja la kukua liongezalo mbao mwaka baada ya mwaka, mchu huunda tabaka jipya nje ya lile la zamani, mara nyingi, na njia za maji na za chakula hubaki zimechanganyikana katika upana wote wa shina, hata sehemu moja ikiharibika nyingine iendelee. Nao mchu ndio unaostahimili chumvi kuliko mkoko, huota hata nyuma kabisa kwenye majangwa ya chumvi ambako bamvua pekee hufika, ukiwa mfupi na wenye majani madogo. Ustahimilivu huo hauwezi kusomwa katika jani peke yake. Mkata boriti wa Rufiji au wa Lamu, ambaye babu zake walijaza majahazi ya kwenda Uarabuni, alijua kwamba boriti iliyonyoka hutafutwa kwenye mkoko, wala hakuwa na haja ya darubini kujua kuwa mbao za mchu zina tabia nyingine.

Kinyume cha mikoko ni mitambaazi. Mbungo, ambao matunda yake hutoa maji ya kunywa yapendwayo Unguja, na ule mpira wa mwituni uitwao Landolphia kirkii kwa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, haijisimamishi yenyewe. Hujishika kwa miti mingine, na kwa hiyo haina haja ya kutumia mali yake katika unene wa shina. Shina jembamba la mtambaazi hulisha majani mengi kuliko shina la mti wa unene uleule, na siri yake ni upana wa mirija. Kanuni ya mkondo wa maji katika mrija husema kwamba upana ukizidi mara mbili, mrija hupitisha maji mara 16 kwa msukumo uleule. Mirija michache mipana basi hufanya kazi ya mingi myembamba. Hatari yake ni hewa, nayo ni hatari ya kweli wakati wa ukame. Hapa kanuni ya Corner haikuvunjika, ila imeonyeshwa kikomo chake: unene wa kitawi hauelezi jambo mpaka tujue ndani yake mna mirija ya namna gani, na ni nani anayeubeba mzigo.

Jambo jingine huwatatiza wakusanyaji wa majani, nao ni kwamba mti mmoja si wa namna moja. Jani la mwembe lililoko kivulini ni pana na jembamba. La juu, lipigwalo na jua, ni dogo na nene. Mvule mchanga una majani yenye meno ukingoni na yenye kukwaruza, mvule mzima una majani yenye ukingo uliosawazika, hata mtu asiyejua akadhani ni miti miwili. Kwa ajili hiyo wapimaji waaminifu huchukua vitawi vya upande wa jua, vya miti iliyokomaa, vilivyokwisha kukua msimu wao, na vitabu visivyosema majani yao yalichumwa wapi juu ya mti havistahili kuaminiwa sana katika jambo la ukubwa.

Mwenye kunisoma aweza kuuliza maarifa haya yamfaa nini mtu wa shamba. Jibu langu ni mkarafuu. Ni mti usiopukutisha, majani yake huota mawili mawili, yamejaa tezi za mafuta yenye harufu, na maua yake, ambayo ndiyo karafuu yenyewe yakichumwa kabla hayajafunuka, hutoka nchani mwa vitawi na si mahali pengine. Vikonyo vya maua, yaani makonyo, hutengwa na karafuu na hukamuliwa mafuta huko Pemba. Chini tu ya fungu la maua, katika makwapa ya jozi za mwisho za majani, yamo machipukizi ambayo yatarefusha kitawi baada ya mavuno na kuandaa maua ya baadaye. Anayelikata fungu kwa kucha penye kikonyo huyaacha machipukizi hayo mahali pake; anayelivuta tawi na kulivunja ili achume haraka akiwa chini, huondoka na karafuu za leo pamoja na majani yaliyozilisha na machipukizi ya kesho, na mti hulazimika kuanza upya kutoka mbao za zamani. Nawasihi wenye mashamba ya karafuu, Unguja na Pemba, wakati wa kuwaajiri wachumaji wawaonyeshe machipukizi hayo kwa kidole, juu ya kitawi kibichi, na wawalipe kwa pishi bila ya kuwaharakisha. Kitawi kilichovunjika hakichanui msimu unaofuata.